Jiko Halikupinduka

Fundi viatu mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Kisigino, alifanya kazi na gundi kwa miaka ishirini na sita bila kuungua hata unywele. Hilo ndilo lililomponza.

Kibanda chake kilikuwa kando ya barabara. Nyuma kulikuwa na ukuta, juu turubai, na pande tatu zilizobaki zilikuwa za upepo. Alipaka gundi kwenye soli, akaiweka pembeni inyauke kidogo, akawasha sigara akisubiri, kisha akabandika na kugonga kwa nyundo. Harufu ilipeperushwa kabla haijamfikia mteja aliyekaa kwenye benchi akitikisa mguu usio na kiatu. Kwa hiyo Kisigino aliamini kwamba gundi ni kitu kipole, chenye harufu mbaya tu, kama mjomba fulani wa mkewe. Ubavuni mwa kopo kulikuwa na picha ya ndimi za moto ndani ya mraba mwekundu uliosimama kwa pembe, na chini yake maandishi madogo kama chawa. Yeye maandishi hayo hakuwahi kuyasoma. Kopo alilijua kwa uzito wake mkononi.

Watu wa mtaa walipotaka kubandika kitu nyumbani, mguu wa kiti au mpira wa mlango, walimletea chupa tupu za soda naye akawamiminia kidogo. Chupa hazikuwa na picha wala maandishi. Hakuna aliyeuliza, naye hakusema.

Mkewe alikuwa msusi. Wateja walimpa jina la Mkono Mwepesi, kwa sababu alisuka bila kuvuta ngozi ya kichwa, hata watoto wenye vichwa vyororo walilala mapajani mwake kabla hajafika utosini. Kisigino alipenda kutania mbele ya wageni kwamba yeye anawashughulikia watu kuanzia chini na mkewe anawashughulikia kuanzia juu, katikati wajitegemee wenyewe. Mkewe alishaisikia kauli hiyo mara mia, na bado alicheka.

Walikuwa na binti mmoja, mwalimu, aliyeolewa mji mwingine. Mwaka ule alijifungua, akatuma habari kwamba atakuja na mtoto akae nao mwezi mzima. Kisigino alitazama sakafu ya jikoni, saruji iliyomomonyoka na kuacha vishimo, akasema mjukuu wake hatatambaa juu ya kokoto. Atatandika zulia la plastiki yeye mwenyewe, tena atalibandika lisiinuke pembe.

Zulia alilinunua katika duka la vifaa vya ujenzi alikokuwa akiuza mdogo wa kike wa mkewe. Shemeji huyo alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye kalamu sikioni wakati wote. Alimkatia zulia vipande vitatu, kisha akamuuliza atabandika na gundi gani. Kisigino akamwambia ile ile yake ya kopo. Shemeji akaweka mkasi chini. Akamweleza kwamba kwa kazi ya ndani iko gundi nyeupe ya maji, haishiki moto, ila inataka kuachwa siku nzima ikauke. Kisigino akacheka, akasema hiyo ni ya watoto wa shule kubandika makaratasi.

"Basi ukitumia hiyo yako," shemeji akasema, "fungua milango na madirisha yote, na uzime kila moto ulio ndani ya nyumba. Kila moto, shemeji, hata wa chumba kingine. Mvuke wake ni mzito. Haupandi juu kama moshi, unatambaa chini mpaka uukute moto. Usiangalie moto uko mbali kiasi gani. Angalia kama upo."

Kisigino alimjibu kwa utani kwamba yeye alianza kunusa gundi wakati shemeji bado ananusa maziwa ya mama yake. Akabeba zulia lake begani, akaenda. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. La mdogo hawakulitaja, na labda ndiyo maana wengi hatulisikii.

Kazi aliifanya Jumamosi mchana. Kwanza aliutoa mtungi wa gesi na jiko lake, akavipeleka uani, akamwonyesha mkewe kwa fahari kwamba moto ameshauhamisha. Mkewe alikuwa barazani akimalizia kichwa cha mteja. Pembeni yake kulikuwa na jiko dogo la utambi, la mafuta ya taa, na sufuria ya maji yanayochemka ya kuchovya ncha za rasta ili zisifumuke.

Saa nane ikaja mvua ya upepo. Baraza likalowa, mkewe akaingia na mteja wake ukumbini, yaani kile kijia kati ya vyumba na jikoni, akaja na jiko lake na sufuria yake. Kisigino naye akafunga dirisha la jikoni, maana matone yalikuwa yakirukia sakafu aliyokwisha kuipanguza. Mteja alipochovywa ncha zake alijifunika mfuko wa plastiki kichwani akakimbilia kwao. Mkewe akasimama kwenye mlango wa jikoni, akaziba pua kwa kiganja, akamuuliza mumewe kama azime jiko.

Kisigino alikuwa amepiga magoti, brashi mkononi. Jibu lake alilikumbuka neno kwa neno maisha yake yote.

"Wacha liwake," alisema. "Moto uko huko, gundi iko huku. Nitengee maji ya chai, nikimaliza tunywe."

Akapaka gundi sakafu nzima. Akapaka migongo ya vipande viwili vya zulia akavisimamisha ukutani. Cha tatu kilikosa nafasi, akakilaza ukumbini mbele ya mlango wa jikoni, upande wenye gundi juu, akaurudisha mlango. Ilibidi kusubiri gundi inyauke, kama siku zote. Lakini kibandani alikuwa akisubiria kwenye upepo, na pale alikuwa kwenye chumba kilichofungwa. Kichwa kilianza kumgonga na macho yakamtoka machozi. Akafungua mlango wa nyuma, akatoka kusimama chini ya upenu avute pumzi.

Upepo uliingia kwa mlango ule alioufungua, ukausukuma mvuke wote uliotanda sakafuni, ukaupitisha chini ya mlango wa ukumbini. Kisigino alisikia kishindo kizito, kama mtu aliyekung'uta blanketi moja kubwa. Alipogeuka, jikoni hakukuwa na sakafu. Kulikuwa na moto wa chini, wa buluu kisha wa manjano, uliojaa ukuta hadi ukuta kama maji. Ulimlamba miguu na nyusi, akaruka nyuma akaangukia uani, kwenye matope.

Alimwita mkewe. Akazunguka nyumba kwa nje, akipitia kichochoro cha jirani, akateleza mara mbili. Alipofika barazani, majirani walishamtoa mkewe na kumlaza kwenye mvua. Gauni lilikuwa limeungua chini. Lakini kilichomfanya Kisigino akae chini bila kutaka ni mikono. Viganja vilikuwa vimeshikwa na kitu cheusi kama lami, na vidole havikuonekana vizuri.

Mtu akauliza nini kimetokea.

"Jiko limepinduka," alisema Kisigino.

Hakuwa amepanga kusema hivyo. Lilimtoka kama mtu anavyoinua mkono kukinga uso. Lakini hospitali alilisema tena, mbele ya muuguzi aliyekuwa akiandika, na safari hii alikuwa na muda wa kufikiri. Muuguzi akauliza kama ni mafuta ya taa peke yake, maana hakuelewa kile kilichoganda viganjani. Kisigino akasema ndiyo, mafuta tu, labda na plastiki ya zulia. Walihangaika sana kukiondoa kile kitu, na yeye alikuwa nje kwenye korido, akisikia. Alijua jina la kitu hicho. Angeweza kuingia akasema neno moja. Alikaa.

Jioni alikuja shemeji, moja kwa moja kutoka dukani, kalamu bado sikioni. Alimsikiliza mpaka mwisho habari ya jiko. Kisha akauliza ni gundi gani iliyotumika.

"Ile nyeupe," alisema Kisigino. "Nilifikiria maneno yako. Nikainunua duka la jirani."

Shemeji alimtazama kwa muda, akasema sawa, akaingia wodini kumwona dada yake.

Mkono Mwepesi alikaa hospitali miezi mitatu. Alipotoka, mkono wa kushoto ulikuwa na makovu lakini ulishika. Wa kulia ulikuwa umejikunja, vidole vitatu vimeshikana na ngozi mpya inayong'aa. Kusuka kuliishia hapo. Wateja walikuja kumpa pole, wakamkalia kwenye baraza lile lile, wakamshauri. Jiko la utambi ni adui, walimwambia, halitaki haraka, ungelitazama vizuri linapokaa. Yeye aliwasikiliza, akamtazama mumewe aliyekuwa amekaa pembeni, kisha akawaambia ahsanteni.

Hakuwahi kuwasahihisha. Hata walipobaki wawili hakumuuliza kwa nini alisema vile. Alikuwa pale ukumbini, alijua jiko lilivyokaa, na Kisigino alijua kwamba anajua. Siku za mwanzo alitembea ndani ya nyumba kama mtu anayesubiri kibao. Kibao hakikuja. Ikapita miezi, akaanza kujiambia kwamba mkewe amemwelewa, kwamba ule ukimya ndio msamaha. Alimfanyia kila kitu. Alimfunga vifungo, alimkatia nyama, alimfulia. Mtaani walimsifu: mwanamume gani siku hizi anamtunza mke aliyejiunguza kwa uzembe wake mwenyewe? Sifa zile zilimkaa kooni kama mwiba, lakini alizimeza.

Na kibandani aliendelea kumimina gundi kwenye chupa za soda, kwa sababu kuacha kungetaka maelezo.

Ikawa miaka minne. Mjukuu aliyetakiwa kutambaa juu ya zulia lile alikuwa sasa msichana mdogo mwenye maswali mengi kuliko meno. Kila likizo binti aliposhuka naye, palikuwa na sheria moja isiyosemwa kwa sauti: mtoto asiachwe na bibi yake karibu na moto. Binti hakuwa mkorofi. Alimpenda mama yake, na alikuwa akimlinda mwanawe kwa habari aliyopewa.

Jumapili moja mchana walikuwa wote nyumbani, na shemeji amekuja kusalimia. Mtoto akataka maziwa ya moto. Bibi akainuka, akachukua kiberiti kwa mkono wa kushoto, akasogea kwenye jiko. Binti akamwahi, akamtoa kiberiti mkononi taratibu, akitabasamu.

"Kaa tu, Mama, nitawasha mimi. Unajua mwenyewe habari zako na majiko."

Bibi akakaa. Mtoto akamgeukia yule shemeji, bibi yake mdogo, akamweleza kwa sauti ya mtu anayejibu swali darasani: "Bibi alipindua jiko, akachoma nyumba. Ndiyo maana vidole vyake vimelala."

Kisigino alimtazama mkewe, akaona kwamba ameinamisha uso, na mkono ule uliojikunja ameuficha chini ya ule mzima, kama mtu aliyekamatwa na kitu cha wizi. Katika miaka minne hakuwahi kumwona akifanya hivyo. Au alikuwa akifanya, na yeye hakutazama.

"Jiko halikupinduka," alisema.

Binti akamwuliza anasema nini.

"Jiko lilikuwa limekaa vizuri. Mama yako aliniuliza kama alizime, nikamwambia aliache liwake. Nilikuwa nimepaka gundi ya kopo jikoni kote, dirisha nimelifunga. Mama yako mdogo alinionya dukani, nikamcheka. Moto ni wangu. Na uongo ni wangu."

Binti alisimama na kiberiti chake mkononi. Alimwangalia baba yake kana kwamba ni mtu aliyeingia kuuliza njia. Kisha akamgeukia mama yake, sauti imeanza kukatika, akamuuliza kwa nini hakusema, miaka yote hii, hata kwake.

"Nilikuwa nangoja mwenyewe aseme," alisema mama. "Ningesema mimi, ningekuwa mwanamke anayemsingizia mume anayemfulia nguo. Nani angeniamini? Wewe mwenyewe ungeniamini?"

Binti akakaa, kiberiti bado mkononi.

Shemeji aliitoa kalamu sikioni, akaizungusha vidoleni. Akasema kwamba yeye alijua tangu siku ya kwanza. Aliinama kumbusu dada yake pale wodini, akasikia harufu ya gundi ile kwenye nywele zake, harufu anayoiuza kila siku. Alinyamaza kwa sababu dada yake alinyamaza, akadhani ni siri ya mke na mume. Sasa anaona alikosea, alisema, na kosa hilo hawezi kumtupia mtu mwingine.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hata Kisigino hakulijua. Binti ndiye aliyeuliza. Kama moto ulipita chini, miguuni, mikono iliunguaje vile?

Mama akasema, bila kumwangalia mtu, kwamba kile kipande cha tatu cha zulia kilikuwa kinawaka mbele ya mlango wa jikoni. Yeye alikuwa upande wa barazani, njia ya kutoka ilikuwa nyuma yake, wazi.

"Nilidhani yuko ndani," alisema. "Nilidhani hawezi kutoka kwa sababu ya lile zulia. Nikalishika nilivute kando. Gundi ikashika mikono."

Kisigino alikuwa amedhani, miaka yote minne, kwamba mkewe aliungua akijipiga gauni lisiwake. Hakuwahi kumuuliza. Angemuuliza vipi, bila kuigusa habari yenyewe? Wakati mkewe anavuta lile zulia, yeye alikuwa amekaa kwenye matope uani, salama.

Kisigino akapiga magoti pale pale mbele ya mkewe, mtu mzima, mjukuu anamwangalia. Mkewe hakumwinua na hakumsukuma.

"Nilijua utasema," alimwambia. "Ila nilidhani utasema wiki ile ile."

Kisha akanyoosha mkono wa kushoto kwa binti yake, akaomba kiberiti chake. Binti akampa. Bibi akaenda kwenye jiko, akakishika kiberiti kwa kwapa, akachomoa njiti, akaiwasha kwa jaribio la tatu, akamchemshia mjukuu wake maziwa. Hakuna aliyethubutu kumsaidia.

Wiki ile alihamia kwa mdogo wake. Hakuaga kwa ugomvi. Alisema tu anataka kukaa mahali ambapo hahitaji kuficha kitu. Kisigino alibaki peke yake, na asubuhi ya kwanza hakufungua kibanda. Alipita nyumba kwa nyumba, akianzia kwa majirani waliomtoa mkewe kwenye moto, akawaambia kilichotokea. Wengine waliguna, wengine walimwambia ya kale yamepita. Kila nyumba aliomba arudishiwe chupa za soda zenye gundi. Alipata kumi na moja. Moja ilikuwa kwenye rafu juu ya jiko, karibu na chumvi. Nyingine ilikuwa chini ya kitanda cha watoto.

Mama mwenye nyumba hiyo alimwonea huruma. Akamwambia asijitese hivyo, ajali haina kinga.

"Ile ilikuwa nayo," Kisigino akamjibu. "Nilifunga dirisha."

Tangu hapo hakummiminia mtu. Aliyetaka gundi alielekezwa kwa shemeji dukani, akauziwe kopo lenye maandishi yake, na kabla hajaondoka kibandani Kisigino alimsomea maandishi hayo hayo kwenye kopo lake mwenyewe, moja baada ya jingine, hata mteja akichoka. Sigara aliiacha, ingawa pale penye upepo haikuwa na maana kubwa. Aliacha kwa sababu mikono yake ilitaka kuachishwa kitu.

Mkewe alirudi baada ya miezi miwili na nusu, siku ya kazi, mchana, kifurushi chake mkononi. Huko kwa mdogo wake alikuwa ameanza kuwafundisha wasichana wawili kusuka. Aliwaelekeza kwa mdomo, akakaripia, akafumua kwa mkono wa kushoto walichokosea. Alisema watakuja kufundishiwa barazani kuanzia kesho, kwa hiyo paoshwe. Kisigino akaenda kuchota maji.

Walipokaa kula, Kisigino akaanza kuomba radhi. Alikuwa na maneno aliyoyapanga usiku na mchana kwa wiki kumi, habari za jinsi anavyojuta, jinsi ambavyo angetoa mikono yake yeye. Mkewe alimsikiliza kidogo, kisha akaweka kijiko chini.

"Umeshasema," alimwambia. "Sasa kaa nayo. Mimi nimekaa nayo miaka minne."

Akamsogezea sahani ya mboga, kwa sababu ilikuwa mbali naye, wakaendelea kula.